Habari za Chama, Baraza na Mizani katika Nchi ya Nkwenda

Bodi ilipotuagiza tuandike habari za zamani kwa ajili ya kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, tulidhani kwamba kazi itakuwa kuhesabu maghala yaliyojengwa na magunia yaliyouzwa. Hesabu hizo zimo katika taarifa za kila mwaka, na apendaye aweza kuzisoma ofisini. Lakini kila tulipomwendea mzee hapa Nkwenda kumwuliza habari za ushirika, yeye alianza na habari za siasa: nani alikuwa mkungu siku zile, nani alileta kadi za TANU, nani alichaguliwa kwa alama ya jembe na nani alishindwa kwa alama ya nyumba. Mwanzoni tulijaribu kumrudisha kwenye kahawa. Baadaye tuliacha, maana tuliona kwamba mzee hakupotea njia. Katika nchi hii chama cha siasa, baraza la serikali na mizani ya kahawa vimekaa nyumba moja tangu zamani, na mara nyingi hata watu waliovisimamia walikuwa wale wale.

Kabla ya mambo hayo palikuwa na Mkama. Nkwenda ilikuwa sehemu ya Karagwe ya Wahinda, ambayo makao yake makuu yalikuwa Bweranyange, na ambayo Mkama wake Rumanyika aliwapokea wasafiri wa Kiingereza Speke na Grant katika mwaka 1861. Watoto huyasoma hayo shuleni, nasi hatutakawia hapo. Litupasalo kukumbuka ni kwamba Waingereza walipoishika nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walitawala kwa mikono ya watawala wa jadi: Mkama juu, wakuu wa gombolola chini yake, na wakungu vijijini. Mkungu ndiye aliyejua kila kibanja na mwenye kibanja. Kodi ilipitia kwake, na amri za kilimo zilipitia kwake pia. Kwa hiyo mkulima wa siku hizo hakuona tofauti kubwa kati ya mtu aliyemwambia apogolee mibuni yake na mtu aliyemwambia alipe kodi.

Buni yenyewe si mgeni kwetu. Watu wa Karagwe na Buhaya waliitafuna na kumpa mgeni kama alama ya heshima tangu kabla mizungu hajaleta mizani. Kuiuza kwa fedha nyingi ndiko kulikokuja baadaye, na pamoja nako magomvi. Mwaka 1924 Klemens Kiiza na wenzake walianzisha Umoja wa Wahaya mjini Bukoba. Na Kiiza huyo alikuwa mfanya biashara wa kahawa. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizikataa kwa nguvu kanuni za kutunza mibuni zilizoletwa na serikali, hata ikawa ghasia. Hawakuchukia kilimo bora. Walihofu kwamba mtu akiamriwa jinsi ya kutunza mbuni wake, kesho ataamriwa kwamba mbuni si wake. Hofu hiyo ilirudi katika mwaka 1953, wakati wa amri za kupambana na wadudu wa migomba. Mkutano wa Kamachumu ulitawanywa kwa moshi wa machozi, naye Ali Migeyo, mmoja wa wasemaji wakubwa wa siasa katika nchi ya Bukoba, akatiwa gerezani. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai, TANU ilizaliwa Dar es Salaam, na magharibi ya Ziwa ilikuta watu waliokwisha kujifunza siasa mashambani mwao wenyewe.

Katikati ya mambo hayo, mwaka 1950, uliandikishwa ule Muungano wa Ushirika wa Wenyeji wa Bukoba, ujulikanao kwa herufi BNCU. Karagwe wakati huo ilihesabiwa pamoja na Bukoba katika mambo mengi, hata kahawa yetu ikafuata njia ya huko. Ni safari ndefu kutoka Nkwenda kupita Omurushaka hata ziwani, na mzee mmoja alituambia kwamba gunia liliweza kufika Bukoba ambako mwenyewe hakupata kufika maisha yake yote.

Yafaa tuseme kidogo juu ya mtu mmoja, kwa kuwa maisha yake yaonyesha jambo hili zima. Clement George Kahama alisoma mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough, Uingereza, akarudi na kuwa Meneja Mkuu wa BNCU. Kutoka katika kiti hicho aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1959, kabla ya Uhuru, aliteuliwa kuwa Waziri mwenye kuangalia mambo ya ushirika. Miaka arobaini baadaye, kuanzia mwaka 2000 hata 2005, alikuwa Mbunge wa Karagwe na kwa mara nyingine Waziri wa Ushirika, safari hii pamoja na Masoko. Alifariki mwaka 2017. Hatumtaji ili kumsifu tu, ingawa astahili. Twamtaja kwa sababu wazee wetu walimwona meneja wao akiwa waziri, wakajifunza kwamba njia ya kwenda serikalini hupita katika ghala la kahawa. Somo hilo lilikuwa na faida yake. Lilikuwa pia na hasara, kwa maana walikuja watu wengine wasio na elimu yake wala uvumilivu wake, wakaona ghala kuwa ngazi tu ya kupandia.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961 mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1962 wakuu wa wilaya wapya walikuwa pia makatibu wa TANU wa wilaya zao, yaani bwana mmoja mwenye kofia mbili. Mwaka 1963 utawala wa watemi na wakama uliondolewa kwa sheria, na Karagwe, iliyokuwa na Mkama kwa karne nyingi, ikabaki na halmashauri. Zikaja nyumba kumi kumi na wajumbe wake. Mwaka 1965 ukafanywa uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja: karibu katika kila jimbo wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wazee bado hucheka wakisimulia ubishi wa siku zile, kama ni heri kuwa na jembe bila nyumba, au nyumba bila jembe. Lakini tuliposikiliza vizuri tuliona kwamba chini ya kicheko palikuwa na furaha ya kweli. Mtu aliyezoea mkungu aliyewekwa juu yake alikuwa sasa amchagua mtu, na kumwacha mwingine.

Ushirika nao ulikua haraka mno. Kote Tanganyika vyama viliandikishwa hata mahali ambapo hapakuwa na mtu ajuaye kuandika daftari. Malalamiko yakazidi, na Rais akaunda kamati maalum ya kuchunguza, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 1966. Kamati ilikuta wanachama wasiojua haki zao, watumishi wasio na ujuzi, wizi, na siasa kuingilia vyama. Taarifa hiyo yapasa kusomwa na kila mjumbe wa Bodi anapoingia madarakani, na tungekuwa na uwezo tungeifanya sharti. Yale iliyosema juu ya miaka ya sitini yangeweza kuandikwa juu ya chama fulani cha leo bila kubadili ila tarehe.

Sasa tumefika mahali ambapo sauti za wazee hubadilika. Mwaka 1972 serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya zikavunjwa. Kazi zao zilichukuliwa na maofisa wa mkoa na wilaya ambao mkulima hakuwachagua. Mwaka 1975 ikaja Sheria ya Vijiji, ambayo kwayo kijiji kilitakiwa kifanye kazi kama chama cha ushirika, na mwenyekiti wa tawi la TANU akawa ndiye mwenyekiti wa kijiji. Kisha tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vyote vikavunjwa. Tazameni mfuatano huo, Ndugu Wanachama. Baraza lilitangulia kufa, na ushirika ukafuata baada ya miaka minne. Havikufa kwa ugonjwa mmoja, lakini vyote viwili vilikuwa mahali ambapo mkulima aliweza kunyosha mkono na kusema hapana, na mahali pote pawili pakafungwa. Aliyebaki wazi ni Chama peke yake, nacho kilikuwa na mambo mengi kuliko kahawa ya Nkwenda.

Haifai tudanganye kwamba vyama vilivyovunjwa vilikuwa safi. Vilikuwa na madeni, na wazee wenyewe wakiri kwamba makarani wa mizani wengine walijenga nyumba za bati kwa mshahara usiotosha hata misumari. Waliovivunja waliamini kwamba kijiji kitamkaribia mkulima kuliko muungano ulio mbali. Lakini kahawa iliyokuwa ikinunuliwa na chama sasa ilinunuliwa na Mamlaka ya Kahawa, shirika la serikali, na mkulima asiyeridhika na mizani hakuwa tena na mkutano mkuu wa kupeleka neno lake. Alikuwa na mto Kagera upande mmoja na mpaka wa Uganda upande mwingine, na kila mtu ajua njia za usiku zilivyofanya kazi.

Vita vya mwaka 1978 vilipita juu ya mambo hayo yote. Majeshi ya Idi Amin yaliingia katika mkoa wetu, daraja la Kyaka likabomolewa, na kwa muda hakuna aliyeuliza habari za hisa. Mwaka 1979 mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera.

Yaliyovunjwa yalirudishwa kwa pamoja kama yalivyokufa kwa kufuatana. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria mpya za serikali za mitaa na sheria mpya ya vyama vya ushirika, na mwaka 1984 halmashauri na vyama vikuu vilikuwa vimesimama tena. Lakini ushirika uliorudishwa ulihesabiwa kuwa jumuiya ya Chama Cha Mapinduzi, kama jumuiya ya vijana au ya wanawake. Ulirudi nyumbani, ila ulirudi kama mpangaji. Ilihitajika sheria ya mwaka 1991 kusema wazi kwamba ushirika ni mali ya wanachama wake. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1992, mfumo wa vyama vingi vya siasa ulianza.

Karagwe ilikwisha kupata chama kikuu chake, KDCU, katika mwaka 1990, ikatoka chini ya Bukoba. Kilizaliwa siku mbaya. Mwaka 1989 mapatano ya kahawa ya dunia yalikuwa yamevunjika, na bei ikaporomoka London na New York; na bei ikiporomoka huko, mtoto wa Nkwenda hurudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya shule. Katika msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa. Mwaka huo huo wa 1994 mamia ya maelfu ya watu walikimbia kutoka Rwanda wakaingia Ngara na Karagwe, na kambi zikawekwa hata katika nchi yetu, hadi wengi wao waliporudishwa kwao mwishoni mwa 1996. Chama kichanga, bei mbaya, washindani wapya, misitu iliyokatwa kwa kuni: ajabu si kwamba ushirika ulidhoofika, ajabu ni kwamba haukufa.

Ndipo ukaja mwaka 2012. Wilaya ya Karagwe iligawanywa na Wilaya ya Kyerwa ikaundwa, nayo katika sensa ya mwaka huo ilikuwa na watu zaidi ya 320,000. Kabla ya hapo mwenye shida ya wilaya alifunga safari kwenda Kayanga. Sasa tuna halmashauri yetu na madiwani wetu, waliochaguliwa mwaka 2015, tena mwaka 2020, na tena mwaka 2025. Twaifurahia halmashauri hiyo, lakini twapaswa kujua inakula nini. Inakula ushuru wa mazao, na katika nchi yetu zao hilo kwa sehemu kubwa ni kahawa. Mwaka 2017 sheria ilipunguza ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3. Sheria yasema kwamba mnunuzi ndiye alipaye. Mkulima hana haja ya kufundishwa kwamba mnunuzi hupanga bei baada ya kuhesabu alichokwisha kulipa. Basi diwani anaposimama barazani kujadili zahanati au barabara ya Nkwenda, anajadili gunia la mwanachama wetu, na mwanachama ana haki ya kumwuliza kama angemwuliza karani wa mizani. Swali hilo si uadui wala si upinzani. Ni hesabu.

Kuna jambo la butura, ambalo kila mkuu anayekuja hulikemea. Wanachama walijua bila maelezo: mtu mwenye shida huuza kahawa ikiwa bado ua juu ya mti, kwa bei ya kusikitisha, na wakati wa mavuno mwenye fedha huja kuchukua chake. Serikali imepiga marufuku mara nyingi, na tangu mwaka 2018 imetilia mkazo kwamba kahawa iuzwe kupitia vyama vya msingi. Katika miaka iliyofuata minada ikaletwa huku huku Kagera ili bei isikike hadharani. Hayo ni mema. Lakini marufuku haimpi mama fedha ya hospitali mwezi wa Februari. Chama cha msingi chenye mfuko mdogo wa mikopo hupunguza butura kuliko hotuba kumi, nasi twaandika haya tukijua kwamba baadhi ya wajumbe wetu wenyewe ni wanunuzi wa butura. Wanajijua.

Sasa yatupasa kusimulia kosa letu, maana kitabu cha ukumbusho kisicho na kosa hata moja hakiaminiki. Katika mwaka mmoja wa uchaguzi, chama kimoja cha msingi ambacho hatutakitaja kilikuwa na turubai za kuanikia kahawa, na funguo za ghala zilikuwa mikononi mwetu. Wakaja watu wa chama kimoja cha siasa, majirani zetu na wanachama pia, wakaomba turubai na viti kwa mkutano wa hadhara wa siku moja. Tulitoa. Hatukuuliza Bodi, kwa kuwa tuliona ni jambo la ujirani, na, tuseme kweli, kwa kuwa aliyeomba alikuwa mtu ambaye hatukupenda kumnyima. Alasiri hiyo mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha. Kahawa ya maganda ya wanachama kadhaa ilikuwa chini, bila kitu cha kuifunika, ikaloa na baadaye ikaota ukungu.

Hasara ya kahawa ililipwa, polepole. Hasara ya pili haikulipika kwa shilingi. Wiki iliyofuata walikuja watu wa chama cha pili cha siasa kuomba turubai zile zile, na Bodi, iliyokuwa imekasirika, ikakataa. Walikuwa na haki ya kuuliza, “Mbona wale waliwapa?” Hatukuwa na jibu. Watu wakaanza kusema kwamba mizani ile ni ya chama fulani. Mkutano mkuu ulioitishwa haukutimiza idadi. Ulioitishwa mara ya pili nao haukutimiza. Msimu uliofuata baadhi ya wanachama waliipeleka kahawa yao kwingine, na wengine hawajarudi hata leo. Mzee mmoja alitujia akasema kwa upole, “Waitu, siku zile walivunja ushirika kwa tangazo la redio. Ninyi mwaweza kuuvunja kwa turubai.”

Tangu hapo upo uamuzi katika kitabu cha mikutano, nao unafuatwa katika vyama vyetu vyote vya msingi. Mali ya chama haiazimwi kwa mkutano wa siasa, wa chama chochote kile, awe mwombaji ni nani. Mtu mwenye cheo cha kuchaguliwa katika chama cha siasa au katika halmashauri hakai katika Bodi. Aja kwenye mkutano mkuu kama mwanachama, akiwa na kura moja, naye hukaa kwenye benchi na wengine. Katika uchaguzi wa vijiji wa Novemba 2024 uamuzi huo ulijaribiwa katika ghala mbili, na makatibu wa ghala hizo walinyima funguo. Tulipata lawama kutoka pande zote, jambo ambalo lilitufariji kidogo.

Bado lipo swali moja ambalo hatujaweza kulijibu, nalo lililetwa ofisini mwezi uliopita. Mama mmoja mtu mzima wa upande wa juu wa Nkwenda alikuja na mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na kitabu kidogo cha hisa cha marehemu baba yake, cha ushirika wa zamani, wa kabla ya mwaka 1976, kurasa zimekuwa rangi ya udongo lakini mihuri yasomeka. Alitaka kujua hisa zile zilikwenda wapi, na kama sisi, ambao twajiita ushirika, twazitambua. Tulimweleza habari za 1976 na za 1984 kama tulivyoweza. Alisikiliza yote mpaka mwisho, kisha akauliza tena swali lile lile.

Kwa ruhusa yake tumepiga picha kurasa za kitabu hicho na kuzihifadhi katika kabati la ofisi. Kitabu chenyewe alirudi nacho nyumbani. Bodi imekubali kwamba jambo la hisa za zamani liwe la nne katika shughuli za mkutano mkuu ujao, nasi twawaomba wanachama wenye vitabu vya namna hiyo, vyao au vya wazazi wao, waje navyo siku hiyo.